Kurasa Kumi na Sita za Mama Gundi

Jina lake halisi liliandikwa kwenye mkataba wa kazi na hapakuwa na mtu aliyelitumia. Kila mtu alimwita Mama Gundi, na mwenyewe aliitika bila kinyongo, maana kwa miaka kumi na tisa vidole vyake havikuwahi kukosa ukoko wa gundi. Alikuwa fundi wa vitabu katika maktaba ya mtaa. Kitabu kikichanika, kikimwagiwa chai au kikitafunwa na panya, kilipelekwa kwenye chumba chake kidogo nyuma ya rafu za magazeti. Humo mlikuwa na meza pana, kibano cha chuma cha kukandamizia vitabu, sindano tatu, kipande cha nta ya kupaka uzi, na dirisha lililotazama kilima.

Kilima hicho kilikuwa kitupu kama kichwa kilichonyolewa. Miti yake ilikwisha zamani kwa kuni na mbao, na mvua ya mwaka juzi ilishusha tope hadi ndani ya stoo ya maktaba, likalowesha vitabu mia tatu na ushei. Mama Gundi alivikausha ukurasa mmoja mmoja, kwa feni na karatasi za kufyonza maji, akamaliza baada ya miezi minne. Vitabu vilirudi kwenye rafu, watu wakaviazima, na hakuna aliyeuliza vilipona vipi.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Maneno alikuwa nayo tele, ila yalikaa ndani kama wageni ambao hawajaambiwa karibu. Kila kitabu alikisoma kwanza kabla ya kukishona. Alisema huwezi kumtibu mgonjwa kabla hujajua anaumwa nini. Mume wake, fundi bomba, alizoea kuwatania wageni: "Mke wangu amesoma kuliko mwalimu, lakini ukimuuliza saa ngapi atakuonyesha ukutani."

Basi maisha yalikuwa hivyo, mpaka wifi yake alipokuja.

Wifi huyu, dada mkubwa wa fundi bomba, alikuwa amestaafu kazi ya kupokea simu katika hospitali kubwa. Miaka thelathini na mmoja alikaa mbele ya mashine akisema, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Alikuwa na sauti ya kumtuliza mtu aliyepiga simu akiwa tayari kutukana. Mumewe alikuwa amefariki, mtoto hakujaliwa, na nyumba aliyopanga ikauzwa. Akaja kwa mdogo wake, akapewa chumba cha uani, kwa muda tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku ya tatu alikuwa ameshapanga upya vyombo vya jikoni, amepatana na jirani ambaye Mama Gundi hakusemezana naye mwaka mzima, na amemsuka binti wa mdogo wake mtindo ambao mama yake alijaribu mara nne ukamshinda. Binti akawa kila jambo, "Shangazi kasema." Jina hilo likatoka getini likashika mtaa. Muuza mboga alimwita Shangazi, dobi alimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri.

Mama Gundi alijikaza kisabuni. Ya jikoni aliyavumilia. Alijiambia kwamba nyumba ni ya watu wote, lakini maktaba ni yake.

Jumamosi moja Shangazi akamfuata hukohuko, eti kuazima kitabu. Mvua ilikuwa inanyesha na watoto walikwama ndani, wanasukumana. Shangazi akavuta kitabu cha kwanza kilichomjia mkononi, akakaa, akaanza kusoma kwa sauti. Watoto wakanyamaza. Baada ya muda na wakubwa waliokuwa wanasoma magazeti wakasogeza viti. Mama Gundi, nyuma ya ukuta, alisikia kicheko kikipanda na kushuka kama maji kwenye beseni, na sindano ikamwingia kidoleni.

Baada ya miezi miwili watu hamsini walikuwa wakija kila Jumamosi. Walimkuta Mama Gundi mlangoni na kumwambia, "Una bahati, una wifi kama yule." Naye alijibu, "Ni kweli," na kila alipolisema neno hilo lilizidi kuwa chungu, kama dawa iliyokataa kumezeka.

Ndipo ikaja siku ya usomaji wa miti.

Wazo lilitoka kwa msimamizi wa kitalu cha miche, mtu mrefu mwenye kofia ya majani makavu, ambaye mtaani walimwita Bwana Miche. Aliona tope la kilimani, akaona na maktaba inavyoteseka, akamwambia mkutubi: "Itisheni watu wasome kwa sauti, siku nzima. Kila ukurasa mmoja utakaosomwa, nitatoa mche mmoja. Kesho yake tupande." Mkutubi, kijana mchapakazi aliyekuwa na mwaka wa pili tu pale, aliruka kwa furaha. Akatundika ubao, akachora mistari, akaandika: Jina lako, Kitabu chako.

Mama Gundi aliuzunguka ule ubao siku tatu. Siku ya nne, watu wakiwa hawajafika, alichukua chaki akaandika jina lake, na mbele yake: Mpeleka Barua.

Hicho kilikuwa kitabu cha jalada la kijani, kurasa mia moja arobaini na nne, kuhusu tarishi aliyetembea na barua moja miaka saba akimtafuta aliyeandikiwa. Mama Gundi alikuwa amekishona mara tatu. Alijua ukurasa upi una doa la mafuta ya taa na upi umeandikwa "si kweli" kwa penseli. Wiki mbili alijizoeza chumbani mwake, mlango umefungwa, akisomea kibano cha chuma.

Alhamisi akapita mbele ya ubao. Jina lake lilikuwa limefutwa. Vumbi la chaki lilikuwa bado linaonekana. Juu yake imeandikwa: Shangazi, Mpeleka Barua.

Alimfuata mkutubi mezani kwake. "Nimeona ubao," alisema.

"Ah, mama," mkutubi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye orodha ya viti. "Nimekupunguzia mzigo. Nilimwonyesha Shangazi kile kitabu, akakipenda. Unajua yeye atatushikia watu tangu asubuhi mpaka mwisho. Wewe tunakutegemea kule nyuma."

"Sawa," Mama Gundi alisema.

Neno lilikuwa hilo moja. Lakini alipofika chumbani alikaa na mikono mapajani kama mtu aliyepokea habari ya msiba. Kilichomuuma hata hakikuwa kufutwa. Kilikuwa lile neno, akakipenda. Kana kwamba kitabu kilikuwa hakijawahi kupendwa na mtu.

Nyumbani jioni ileile alimkuta Shangazi mezani, Mpeleka Barua kimelazwa wazi, mgongo wake umekandamizwa kwa sahani ya mkate ili kisijifunge. Binti yuko mbele yake, kidevu mikononi.

"Wifi, kitabu kizuri hiki," Shangazi alisema. "Ila kimelegea, uzi unatoka. Utanishonea kesho?"

"Ukikiwekea sahani, hakitalegea?" Mama Gundi aliuliza.

Shangazi akacheka, akaondoa sahani, akaendelea kusoma. Binti hata hakugeuka kumsalimia mama yake.

Ijumaa asubuhi kitabu kilikuwa kwenye meza ya fundi. Kitabu cha aina hiyo hutengenezwa kwa vitita: karatasi nne hukunjwa katikati zikatoa kurasa kumi na sita, kisha kitita hushonwa na mwenzake mpaka kitabu kinakamilika. Mpeleka Barua kilikuwa na vitita tisa. Mama Gundi alikikagua, akaona uzi umekatika sehemu mbili tu. Kazi ya nusu saa.

Alishona kitita cha kwanza hadi cha sita. Akashika cha saba. Hapo ndipo tarishi anaifikia nyumba iliyoandikwa kwenye bahasha na kukuta mwenyewe amehama wiki iliyopita tu. Ilikuwa sehemu aliyoisoma vizuri kuliko zote kule kwenye mazoezi. Alimwona Shangazi akiisoma kwa ile sauti ya kuunganisha simu; aliwaona watu wakifuta machozi; alimwona na binti yake miongoni mwao. Uzi wa kitita hicho ulikuwa mzima. Akachukua kisu cha kazi, akaukata, akakivuta kitita, akakifungia kwenye droo chini ya nta. Halafu akashona cha nane juu ya cha sita, safi, imara, akabana, akapaka gundi. Hakukosea hata tundu moja. Hilo ndilo lililomshangaza baadaye.

Jumamosi maktaba ilifurika. Watoto walianza, wakasoma kwa zamu vitabu vyao vyembamba, na Bwana Miche akiweka alama ya chaki ukutani kwa kila ukurasa. Saa nne Shangazi akapanda kwenye jukwaa la mbao. Mama Gundi alimkabidhi kitabu mwenyewe, kikiwa kimefungwa kwa karatasi, akarudi kusimama karibu na mlango wa chumba chake.

Shangazi alisoma vizuri. Hata adui yake angekubali, na adui yake alikuwapo. Mchukuzi wa sokoni aliyekuja kujikinga na jua alikaa chini na kusahau mzigo wake nje. Walipumzika mchana, wakanywa chai, wakarudi. Mama Gundi alikuwa anahesabu kurasa kwa kichwa: themanini na nane, tisini, tisini na tano. Bila kutaka alitazama nje dirishani, akakiona kilima na makorongo yake, na hapo tu ndipo hesabu nyingine ikamjia. Kurasa kumi na sita ni miche kumi na sita. Alikuwa amekata miti kabla haijapandwa, tena juu ya paa lake mwenyewe.

Shangazi alifungua ukurasa, akaanza sentensi, akasimama. Akarudisha ukurasa nyuma. Akapitisha kidole kwenye mshono, polepole, toka juu hadi chini.

"Samahani jamani," alisema. "Laini imekatika. Subirini kidogo."

Watu wakacheka. Bwana Miche akauliza kuna nini.

"Nimetoka tisini na sita nikaangukia mia na kumi na tatu."

"Basi kumi na sita zimetupita," Bwana Miche alisema. "Mimi nahesabu zilizosomwa. Zisizosomwa sina la kufanya."

Mnong'ono wa masikitiko ukapita. Shangazi aliinua uso, akatazama moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. "Fundi wa vitabu tunaye hapa hapa," alisema kwa upole uleule. "Wifi yangu, njoo utuambie kurasa zimekwenda wapi."

Vichwa vyote viligeuka. Kwa miaka kumi na tisa Mama Gundi hakuwahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile kwa pamoja. Aliona uso wa mkutubi, aliona uso wa binti yake. Uongo uliokuwa karibu ulikuwa mwingi: panya, unyevu, zimepotea zamani. Hakuna uliokubali kutoka.

"Ziko mezani kwangu," alisema. "Nakwenda kuzileta."

Aliporudi na kitita mkononi, alimnyooshea Shangazi. Shangazi hakukipokea. Alikaa kwenye kiti, akajimiminia maji.

"Koo langu limechoka," alisema. "Zisome wewe."

Mama Gundi alipanda jukwaani kama anayepanda ngazi ya daktari wa meno. Ukurasa wa kwanza aliusoma vibaya. Sauti ilikwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta, akaruka mstari, akarudi, na mtoto mmoja akacheka. Ukurasa wa pili hivyohivyo. Kwenye wa tatu tarishi alibisha hodi kwenye ile nyumba, na Mama Gundi, aliyeusubiri mlango huo kwa wiki mbili mbele ya kibano cha chuma, akaacha kuwaona watu. Hakuigiza. Hakupandisha wala kushusha kama Shangazi. Alisoma kama mtu anayesimulia jambo lililompata jirani yake, pole na kwa usahihi, na ukimya ukawa mzito hata chaki ya Bwana Miche ikasikika ikikwaruza ukutani.

Alipomaliza, alisema, "Hapo ndipo kinapoishia kitita." Akashuka. Watu walichelewa kupiga makofi, halafu wakapiga kwa muda mrefu. Shangazi alisoma kurasa zilizobaki haraka kidogo kuliko kawaida yake.

Jumla ya siku ikawa miche mia nne thelathini na moja. Watu walipoondoka, hao wawili walibaki wakipanga viti, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Shangazi ndiye aliyeanza.

"Alhamisi nilizisoma kurasa zile. Zilikuwepo."

"Zilikuwepo."

"Na uzi haukukatika wenyewe. Nimeona ncha zake."

"Niliukata," Mama Gundi alisema. "Kwa kisu."

Shangazi aliweka kiti chini. "Nimekukosea nini, wifi? Nimekula chakula chako, nimelala kwako, sawa. Ungeniambia niondoke ningeondoka. Kwa nini uniaibishe mbele ya watu?"

"Nilikuonea wivu." Alilisema hilo akitazama sakafu, na akashangaa kwamba lilikuwa fupi. "Kila unachokigusa kinakupenda. Jikoni, jirani, mtoto wangu. Nilikuwa na kitabu kimoja."

Shangazi alikalia kile kiti. Mama Gundi alitegemea aambiwe yamekwisha, au atukanwe. Hakupata lolote kati ya hayo.

"Mimi sikukuita pale mbele kwa wema," Shangazi alisema mwishowe. "Uelewe hivyo. Nilikuita uadhirike. Nilijua huwezi kusema mbele ya watu, nikasema ngoja naye asimame ajionee. Kumbe ukasoma vile." Akavuta pumzi. "Nilikaa pale na glasi yangu ya maji, roho inaniuma. Miaka thelathini na mmoja nimeunganisha watu wazungumze, mimi mwenyewe hakuna aliyenipigia. Hii sauti ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho. Nikaona unanizidi hata hapo."

"Sikukuzidi."

"Mchukuzi alilia. Kwangu hakulia."

Mama Gundi alitaka kusikitika, lakini kitu kidogo kifuani kilifurahi kusikia habari ya mchukuzi, na akainua kiti kingine. Wakamaliza viti.

Kesho yake walipanda. Mtaa mzima ulipanda kilimani na majembe na ndoo. Fundi bomba alivuta mpira wa maji kutoka kwenye bomba la maktaba hadi nusu ya mteremko, akajisifu mpaka watu wakachoka. Hao mawifi walipewa safu mbili jirani, kila mmoja miche ishirini. Hawakusemezana sana. Lakini kila mmoja alichungulia mashimo ya mwenzake, na kila mmoja akaongeza kina cha ya kwake.

Jumatatu Mama Gundi alikwenda kwa mkutubi akamweleza yote, kisu na droo, bila kujitetea. Mkutubi alifungua na kufunga kifuniko cha kalamu.

"Mama, hilo ni kosa kubwa," alisema.

"Najua."

"Na mimi nilifuta jina lako bila kukuuliza. Sikujua hata kama unapenda kusoma." Alisikia jinsi maneno hayo yalivyosikika mbele ya mwanamke aliyesoma kila kitabu kwenye rafu zake, akaona haya. Alimwandikia onyo, kwa sababu ilibidi. Halafu akaandika ubaoni kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi itakuwa ya Mama Gundi. Watu waliokuja kwake walikuwa ishirini, wakati mwingine kumi na tano. Kwa Shangazi bado walijaa hamsini. Alizihesabu tofauti hizo kila mwezi, na ziliendelea kumuuma, ila sasa alijua zinauma wapi.

Kiangazi kilipofika katikati, Bwana Miche alihesabu miche iliyoshika. Safu ya Shangazi, kumi na saba. Safu ya Mama Gundi, kumi na mitano. Jumapili zilizofuata mtu aliyeamka mapema angemwona fundi wa vitabu akipanda kilima na ndoo mbili, na nyuma yake kidogo wifi yake, na ndoo mbili pia, akijifanya anapita tu.

Mwezi uliofuata Shangazi alipata chumba kwa muuguzi mmoja mstaafu waliyefanya naye kazi hospitalini, mtaa wa tatu kutoka hapo. Alifunga mizigo yake siku moja. Binti alilia. Fundi bomba alizungukazunguka uani akikaza bomba lisilovuja. Mama Gundi alirudisha vyombo vya jikoni mahali pake pa zamani, na baada ya siku mbili akagundua kwamba hafikii sufuria bila kupanda kigoda, akavirudisha kama alivyovipanga wifi.

Nyumba ikawa na nafasi kubwa mno. Jioni moja, akitoka kazini na mkate mkononi, alipita mtaa wa tatu ingawa haukuwa njia yake. Dirisha la muuguzi lilikuwa wazi. Shangazi alikuwa anasoma kitu kwa sauti, pengine gazeti tu, na muuguzi anacheka mpaka anakohoa, anamwomba arudie. Mama Gundi alisimama kwenye kivuli cha ukuta. Kikamjia kijicho kilekile cha zamani, ila safari hii kilikuwa kwa huyo muuguzi ambaye hakumkosea lolote, aliyeketi mle ndani akisomewa peke yake.

Akahamisha mkate mkono wa kushoto, akabisha hodi.